Jiwe Nililoliita Chupa

Kitengela, Jumapili jioni

Mwanangu Mwikali,

Barua huanza na salamu, lakini wewe umeenda kumuaga shangazi yako Kajiado mjini na utarudi kabla ugali haujapoa, kwa hivyo salamu tutapeana kwa mdomo. Hii nitaificha ndani ya sanduku lako, katikati ya ile sweta ya kijani ambayo mama yako amekulazimisha kubeba hata baada ya mtaa mzima kumwambia India ni joto. Uisome ukishafika. Usiisome ndani ya ndege, maana utalia na watu watakuangalia.

Mambo ya pasipoti, mambo ya kutokunywa maji ya mfereji, mambo ya wavulana, hayo yote mama yako ameyamaliza na akayarudia. Mimi niko na jambo moja tu, na ninaliandika haraka. Ukiona mwandiko mbaya usidhani nimelewa. Unajua baba yako aliacha pombe kabla hujazaliwa. Nimeshtuka, Mwikali. Nimeshtuka vile sijawahi kushtuka maisha yangu yote, na bado moyo haujarudi mahali pake.

Ule mkufu wa shanga aliokuvisha Mama Sein leo mchana mbele ya watu waliokuja kukuaga, lile jiwe la katikati ni almasi.

Soma tena hapo. Mimi mwenyewe nimeandika nikarudi kusoma, nikaona kama ni mtu mwingine ameandika. Si chupa. Si jiwe la kuigiza la sokoni. Ni almasi, kubwa karibu punje ya mbaazi, na imekaa kwa hiyo boma hapo ng'ambo ya ua wetu miaka yote hii ikipakwa mafuta ya kondoo.

Wacha nikueleze ilivyotokea. Wageni walipoondoka mama yako aliuchukua ule mkufu akaunusa. Unamjua mama yako na pua yake. Akasema anampenda Mama Sein kama dada, lakini huo mkufu hautalala na nguo safi ukinuka zizi. Akauweka kwa beseni, maji moto, sabuni ya unga, akausugua na mswaki mzee, akauanika kwa kamba katikati ya soksi zako. Mimi nikawa natoka nyuma ya nyumba nimebeba viti vya kanisa tulivyoazima. Nikapita chini ya kamba. Kitu kikanipiga jichoni.

Kwanza nilidhani ni kile kipande cha sidii ambacho mama yako ametundika kufukuza ndege kwa sukuma. Nikainua macho. Viti vikaanguka vyote. Mama yako akapiga kelele kutoka jikoni, "Baba Mwikali! Hivyo viti si vyetu!" Nilikuwa nimesimama pale kama mtu amesahau jina lake.

Nimekaa na mawe zaidi ya miaka ishirini, nikiyapachika kwenye pete za watu wengine. Chupa ikipigwa na jua inang'aa, basi, imemaliza. Almasi iliyooshwa inarusha. Inarusha moto mwekundu, ukisogea nusu hatua inarusha wa kijani, ukirudi inarusha wa samawati, na iko kwa kamba ya nguo kando ya soksi. Woi, Ngai wangu!

Nikauanua nikakimbia nao kwa kile kibanda changu cha kazi. Hapo sasa nisikilize kama mwanafunzi, kwa sababu hayo ndiyo unaenda kusomea. Usikubali kuhukumu jiwe ukiwa juani. Jua ni mwongo, linapendezesha kila kitu. Mimi niliingia kivulini, nikakaa kwa lile dirisha linaloangalia upande wa Nairobi, ambapo mwanga ni mtulivu, nikakunja karatasi nyeupe nikalilaza jiwe katikati ya mkunjo. Nikalipulizia pumzi vile mtu anapulizia miwani. Ukungu ulikuja ukaondoka kabla sijafunga mdomo. Nikapuliza tena. Nikapuliza mara saba, Mwikali, kama mwehu, nikitafuta ukungu wa kukaa, nikiuomba ukae. Haukukaa.

Nikachukua lenzi. Kingo za mikato ni kali kama wembe mpya. Chupa iliyovaliwa miaka kumi na mitatu shingoni, ikisuguana na shanga na vumbi la Kajiado, ingekuwa imelika kingo zote ikawa kama sabuni iliyotumika. Hii haina hata mkwaruzo. Nikaiangalia kutoka juu moja kwa moja, nikaona chini kabisa kijiduara kidogo kama tundu la sindano. Hicho kijiduara watakuonyesha huko: mafundi wa zamani waliokata kwa mkono hawakuacha ncha ya chini iwe kali, waliikata ikawa bapa, na ukitazama kutoka juu unaona kama kuna shimo. Watu wa duka siku hizi hawakipendi. Wanaojua mawe wanakitafuta. Doa liko moja, jeusi, pembeni, dogo sana. Rangi si nyeupe kabisa. Ni kama maji yaliyopitia majani ya chai mara moja tu na kwa haraka.

Na kile kikombe kilicholishika, kile cheusi ambacho sote tulidhani ni bati, ni fedha. Wazee wa Ulaya walikuwa wanapachika almasi kwa fedha, na fedha ikikaa inakuwa nyeusi. Weusi ule ndio uliokuwa umri wake. Nilijua hayo. Ndiyo nataka uelewe: nilijua hayo yote siku ile, na bado nikasema nilivyosema.

Sasa nifike kwa siku ile. Mama yako hajui. Hakuna anayejua isipokuwa Mama Sein, na yeye anajua nusu.

Wewe ulikuwa nasari. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja karibu na barabara ya Namanga, wakati Kitengela ilikuwa maduka machache, bucha mbili na upepo. Mimi nilikuwa fundi kijana kwa sonara mmoja Nairobi, na nilikuwa na kiburi ambacho ukinikumbusha leo natamani kujificha chini ya kitanda. Watu walikuwa wananiita Fundi wa Almasi. Mtu akinunua saa au hereni za barabarani ananiletea niangalie, nami nanyanyua kitu hivi, nakunja uso, nasema neno moja, watu wanashangaa. Nililipenda hilo neno moja kuliko chakula.

Jumapili hiyo nilikuwa nacheza drafti na vifuniko vya soda nje ya kioski, wanaume wanne, mimi nikiwa naongoza. Akaja mama mmoja wa Kimaasai, amejifunga shuka, shingo na mabega yamepakwa mafuta na udongo mwekundu, maana alikuwa ametoka kwa sherehe. Sikumjua. Ndiye huyu Mama Sein. Akasimama kando akangoja tumalize mchezo. Alingoja sana, na mimi nikamwacha angoje.

Baadaye akatoa pini ya nguo iliyoshika shuka shingoni, kuukuu, nyeusi, iko na jiwe moja katikati. Alisema alikuwa amefanya kazi kwa bibi mmoja mzungu, mjane mwenye ng'ombe huko Kona Baridi. Yule bibi alipofunga virago kurudi kwao alimpa hiyo pini, akamwambia aitunze kwa sababu ni kitu cha maana sana. Na sasa kiangazi kilikuwa kimemaliza ng'ombe wa mzee wake, na mzee wake alikuwa anataka kukata shamba auze vipande ndio anunue mitamba aanze tena.

"Nikipata mitamba kwa hii kitu," aliniambia, "mzee hatauza shamba. Ameniambia nimletee jibu leo. Wewe ndiye wanasema unajua. Angalia vizuri."

Angalia vizuri. Hivyo ndivyo alivyosema, Mwikali.

Nikaipokea kwa ncha za vidole viwili, kwa sababu ilikuwa na mafuta na nilikuwa nimevaa shati jeupe la kanisa. Nikaipulizia pumzi mara moja. Ukungu ukakaa. Ukakaa sana, kama kwa dirisha. Nikajiambia, haya basi, jibu limekuja lenyewe.

Lakini kitu cha kwanza kabisa nilichofundishwa na tajiri wangu, yule sonara, siku ya kwanza, kabla sijaonyeshwa hata kiti cha kukalia, ni hiki: almasi inapenda mafuta kuliko jiwe lolote. Inayavuta na kuyashika. Shika almasi safi na mkono ulioshika mandazi, imezimika. Kwa hivyo jiwe huoshwa kwanza. Maji moto, sabuni, brashi, halafu spiriti, halafu ndiyo unafungua mdomo wako. Pumzi juu ya jiwe lenye mafuta inapima mafuta, haipimi jiwe. Mtoto wa wiki moja kwa karakana yetu anajua hilo. Na jiwe hili lilikuwa limetoka shingoni kwa mama aliyejipaka mafuta ya kondoo kuanzia masikio hadi mabegani. Hakuna mahali pengine ulimwenguni almasi ingeweza kuwa chafu namna hiyo. Nami niliiangalia nikasema, "Mama, hii ni chupa."

Hakuelewa. "Chupa?"

"Chupa. Kama ya soda. Huyo mzungu wako alikuchezea."

Wale wanaume walicheka. Nami kwa sababu walicheka nikaongeza. Nilisema, "Mshonee mtoto kwa shanga, apendeze." Wakacheka zaidi. Nikarudisha macho kwa drafti. Sikumwona akiondoka. Ule mchezo nilishinda, nakumbuka vizuri sana kwamba nilishinda.

Hata hilo la kushona alilifanya. Alinitii, unaona? Alikata pini akaacha kikombe na jiwe, akatoboa kikombe pembeni akapitisha uzi. Ndiyo sababu leo liko pale.

Na shamba likauzwa. Lilikatwa vipande, vigingi vikapigwa, mabroka wakaleta watu. Na kwa wale watu waliokuja kununua, Mwikali, mmoja nilikuwa mimi. Hii nyumba uliyokulia, huu mwembe ambao mama yako aliupanda, hiki kibanda ninamoandikia, yote iko juu ya ardhi ambayo huyo mama alikuja kuniomba nimsaidie isiuzwe. Nilijua ni ardhi yao wakati wa kununua, nakubali. Nilijiambia kama si mimi ni mwingine. Nilijiambia jiwe lilikuwa chupa, kwa hivyo mimi na hayo mambo tuko mbali. Na siku tunahamia, wewe ukiwa darasa la tatu, alikuja na kibuyu cha maziwa akainyunyizia milango yetu baraka. Mimi huyu nikasimama hapo nikasema "Ashe oleng," yaani asante sana, nikajiona mtu mzuri ninayejua Kimaasai.

Mengine unayajua wewe kuliko mimi. Alikulea wakati mama yako alikuwa amelazwa hospitali na mdogo wako. Ulianza kumwita Yieyio, yaani mama, kwa sababu watoto wake walimwita hivyo, na hakuna aliyekukataza. Leo amekuvisha kitu alichoshona cha kumvisha binti yake mwenyewe, Sein, ambaye aliolewa Bisil akakiacha nyumbani akisema ni cha kizamani, mama mtu akawa anakivaa yeye. Amekupa kwa mapenzi, na amekupa akiamini ni chupa, kwa sababu fundi alimwambia ni chupa.

Unajua jambo lingine linalonichoma? Miaka michache baada ya siku ile ya drafti alikuja dukani mwanamke wa gari kubwa, na pete. Tajiri akachukua kile kikalamu cha umeme kinacholia kikigusa almasi. Kikalia pii! Akaridhika. Mimi nikasema ngoja. Nikaiosha ile pete, na ilikuwa tayari safi kama sahani ya harusi. Nikaiweka chini ya lenzi nikaiinamisha, nikaona mistari ya nyuma iko miwili miwili, vile mlevi anavyoona taa. Almasi haiwezi kuonyesha mstari mmoja kama miwili. Lilikuwa jiwe jipya la kutengenezwa, lilikuwa ndio linaingia soko wakati huo, na lilikuwa linadanganya vikalamu vyote. Tajiri alinipa mkono mbele ya wateja. Kwa miezi nilitembea kama nimepandishwa cheo na Mungu mwenyewe. Yaani yule wa gari nilimwoshea jiwe safi, na huyu wa shuka sikumwoshea lililokuwa chafu. Nilikuwa napima watu, Mwikali. Miaka yote nilidhani napima mawe.

Huko unakoenda watakufundisha uzito, rangi, uwazi na mkato. Watakuonyesha mawe mawili ya ukubwa mmoja, moja la kununua mbuzi na lingine la kununua boma zima, na utajifunza kuona tofauti. Utaona vito vya dhahabu nzito vilivyofungwa kazi mbaya, na vyepesi vilivyofungwa na mtu mwenye roho, na utajua ni kipi cha thamani. Kichwa unacho, sina wasiwasi. Lakini hakuna atakayekufundisha kufunika uso wa aliyekileta, upime jiwe tu. Hilo hata mimi sijui vile linafanywa. Najua tu kwamba mimi sikulifanya.

Sasa nikuambie la aibu zaidi, kwa maana kama nitakuficha hili basi barua nzima ni uongo. Nilipoweka lenzi chini leo, wazo la kwanza lililonijia halikuwa Mama Sein. Lilikuwa hili: nyamaza. Amempa mtoto mwenyewe, mbele ya mashahidi, hata mchungaji alikuwepo. Mkufu uko safi, uingie sandukuni, upande ndege, na hakuna mtu chini ya jua atajua. Mama yako mwenyewe anadhani ni chupa. Wazo hilo lilikaa kichwani kwa muda wa mtu kunywa kikombe cha chai, na hiyo chai niliinywa.

Ningependa kukuambia ni hofu ya Mungu iliyonitoa hapo. Si hiyo. Ni wewe. Niliona Krismasi ikifika, wewe uko na lenzi yako mwenyewe, mnafanya mazoezi, unasema ngoja niangalie kile cha Yieyio kwa mchezo tu. Unakiosha kwanza, kwa sababu wewe unafuata unachofundishwa. Unaweka jichoni. Halafu unakaa hapo peke yako, mbali na nyumbani, ukijiuliza kama baba yako alikuwa mjinga au mwizi. Nikaona afadhali ujue kutoka kwangu kwamba alikuwa mjinga, na kwamba kwa kikombe kimoja cha chai alikuwa yule mwingine pia.

Naweka kalamu chini. Naenda kwake sasa hivi, kabla hujarudi na kabla sijapata sababu ya kutoenda.

*

Nimerudi. Mama yako ameniuliza mbona nimekauka midomo, nikamwambia ni vumbi.

Nilimkuta anaingiza mbuzi. "Takwenya," nikamsalimu. "Iko," akajibu, akaangalia nilichoshika. "Umekataa zawadi yangu, Baba Mwikali?"

"Mama Sein, kaa chini kidogo."

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa. Hii jiwe si chupa."

Alisimama hivyo hivyo, mkono juu ya mgongo wa mbuzi. "Ni nini basi?"

"Ni almasi. Ilikuwa almasi hata siku ile."

Nilidhani atapiga nduru, au atacheka, nilikuwa nimejitayarisha kwa yote mawili. Alifunga mlango wa zizi, akafunga kamba vizuri, akaijaribu kama imeshika. Halafu akanyoosha mkono nikampa mkufu na lenzi, nikamwonyesha vile unasogeza hadi karibu na jicho. Aliangalia kwa muda mrefu sana.

"Naona kama maji," akasema. "Maji yenye imesimama."

"Ndiyo."

"Siku ile uliangalia na hii kitu?"

"Hapana."

"Ulikuwa umeacha kazini?"

Mwikali, hapo ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa neno moja tu na lingenifunika. "Ilikuwa kwa mfuko wa shati," nikasema.

"Kwa mfuko," akasema.

"Kwa mfuko wa shati, hapa." Nikajigusa kifua kama mjinga.

Akarudia tena polepole, kama mtu anayejifunza neno la lugha ya wageni. "Kwa mfuko." Akageuka akaangalia upande wetu, mapaa yote yale, ya mabati mapya na ya kutu, matangi ya maji, nguo kwa kamba. Akanionyesha kwa kidole. Pale kwa choo cha yule mtu wa duka la hadiwea ndipo ng'ombe walikuwa wanalala. Pale kwa kanisa palikuwa na mti aliomzalia Sein chini yake, uchungu ulimshika kabla hajafika nyumbani. Nyumba yetu hakuionyesha kwa kidole. Aliiangalia tu, akapita.

"Mzee wangu alikufa akiniita mama chupa," akasema. "Akiwa na watu wake alikuwa anawaambia, huyu alitaka kuniokoa na chupa ya mzungu. Mimi nikawa nacheka na wao. Ningesema nini? Fundi amesema."

Nilimwambia pole. Ni neno dogo, Mwikali. Sikuwahi kujua ni dogo hivyo. Nilimwambia nisamehe, na akasema hajui. Hakusema kwa hasira. Alisema, "Sijui. Kuja uniulize siku ingine." Akaingia nyumbani akatoka na kisu kidogo cha kukatia ngozi. Akakaa kwa jiwe, akakata uzi pale katikati, akatoa kile kikombe cheusi na jiwe lake, akafunga mafundo pande zote mbili ndio shanga zisimwagike.

Akanirudishia mkufu. "Shanga ni ya mtoto. Nilimpa na roho yangu, avae. Hii ingine sikujua nimempa."

Kwa hivyo utaukuta mkufu wako sandukuni, umekunjwa kwa kitambaa cha mama yako, na katikati una pengo. Usitafute kitu cha kulijaza. Ulivyo ndivyo alivyokupa.

Nilimwambia Jumanne nitachukua ruhusa kazini nimpeleke Nairobi, tuone watu wanaojua, walipime, wamwandikie karatasi, achague mwenyewe kama atauza au atakaa nalo. Nilisema haraka haraka, nilitaka tu kuwa na kitu cha kufanya. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Watu wako hao?"

"Ndiyo, ni watu ninaowajua."

"Baba Mwikali," akasema, "kwanza uliniambia ni chupa. Nikaamini. Leo unaniambia ni almasi. Mimi nitajuaje ni siku gani ulikuwa unasema ukweli?"

Nilikuwa na majibu, Mwikali, ya pumzi na ya kingo na ya kile kijiduara, miaka zaidi ya ishirini ya majibu. Yote yalikuwa ya fundi yule yule.

Akafunga jiwe kwa pembe ya shuka yake, fundo moja, halafu la pili. "Huyu mtoto anaenda kusoma mambo ya mawe, si ndiyo? Nitangoja yeye. Akirudi ataniangalizia."

"Mama Sein, hiyo ni miaka mitatu."

"Ni sawa. Yeye hajawahi kuniambia uongo."

Basi nikatoka. Naona taa za gari kwa barabara, labda ni wewe unarudi, na lazima nifunge hii karatasi kabla hujaingia na kuuliza baba anaandika nini. Nenda, mwanangu. Soma. Yule mama hataki tena neno langu, na ana haki. Anangoja lako.

Mimi ni baba yako, na nakupenda kuliko nilivyowahi kukuambia kwa mdomo.